Dokta wa Ute wa Baharini

Hakuwa daktari. Afadhali tulimalize hilo mapema, kwa sababu yeye mwenyewe lilimchukua miaka kulitamka, na hata alipolitamka alikuwa amebanwa kwenye kona. Alikuwa mwosha vyombo wa maabara. Chuoni walimwita Chupa, na jina lilimfaa: kutwa nzima alisimama mbele ya sinki refu mwishoni mwa korido, mikono ndani ya povu, akisugua chupa zenye shingo nyembamba kwa brashi ya waya, akizisuuza mara hii na mara ile, kisha akizipanga midomo chini kwenye kabati la kukaushia. Ni kazi ya heshima. Chupa isipotakata, jaribio zima linaharibika na watu wenye shahada wanalia. Lakini heshima hiyo haikumtosha.

Mtaani aliitwa Dokta, na jina hilo alijipa mwenyewe kwa njia ya koti. Wenzake wote wa maabara, wenye vyeti na wasio na vyeti, waliyavua makoti yao meupe mlangoni wakati wa kutoka, maana koti la maabara limebeba kila uchafu wa humo ndani na halipaswi kwenda nje. Yeye aliondoka nalo. Alipita nalo sokoni. Alisimama nalo dukani kwa muda mrefu kuliko unaohitajika kununua kiberiti, kalamu mbili zikichungulia mfukoni, mojawapo haina wino. Mtu akimwamkia, "Shikamoo daktari," hakusema ndiyo wala hapana. Aliinamisha kichwa kidogo, eti amechoka kuokoa maisha ya watu tangu asubuhi.

Na maabara yenyewe ilikuwa ya nini? Ya ute. Baharini, kwenye mawe ya maji mafupi na juu ya majani yanayoota chini ya maji, huwa kuna kitu cheusi au cha kahawia, laini, chenye kuteleza, mfano wa nywele zilizoziba tundu la bafuni. Watu huuita mwani, na wanakosea. Ni bakteria, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, wanaojipikia chakula kwa mwanga wa jua kama yafanyavyo majani, na wanaoshikana mmoja nyuma ya mwenzake mpaka wakawa nyuzi. Hawana miguu ya kukimbia wala meno ya kuuma. Samaki akija kuwatafuna, kinga yao ni sumu tu. Basi wanatengeneza sumu za kila namna: za kuchubua ngozi, za kulegeza misuli, za kuzuia seli zisigawanyike. Hii ya mwisho ndiyo iliyowaleta wanasayansi mbio, kwa kuwa saratani ni seli zilizokataa kuacha kugawanyika.

Kazi ilikwenda hivi. Ute unaletwa kwa ndoo, unachambuliwa, unakaushwa, unalowekwa kwenye spiriti, spiriti inafukuzwa kwa moto mdogo, na kinachobaki chini ya chupa ni lami ya kijani. Tone la lami hiyo linatiwa kwenye kisahani chenye uduvi wachanga, wadogo kama vumbi, waliototolewa humo humo maabara. Kesho yake unatazama. Uduvi wakiwa wanaogelea, ute huo ni takataka, mwaga. Wakiwa wamelala chini wote, watu wanapongezana. Ndiyo maana katika chumba kile mtu aliweza kuingia akapaza sauti, "Imeua!" na wenzake wakapiga makofi na chai ikaagizwa.

Mkuu wa maabara, mwanamke wa makamo tutakayemwita Mkemia, alijua maana ya makofi yale. Kimepatikana kitu kinachoua. Sasa ianze kazi ya miaka na miaka ya kujua kinaua nini na nini, kwa kiasi gani, na kama kuna namna ya kukifunga kamba kisiue kila kilichoko mbele yake. Mara nyingi namna hiyo haipatikani. Chupa aliyasikia hayo akiwa sinkini, maji yakimwagika, na alichukua yale yaliyompendeza. Makofi yalimpendeza.

Siku ute fulani mweusi ulipoua seli za saratani ndani ya kisahani, hakungoja hata mikono ikauke. Alikwenda moja kwa moja kwa kaka yake, koti mwilini, akasimama katikati ya sebule.

"Kaka," alisema, "leo tumeiua saratani."

Tumeiua! Yeye aliyekuwa ameosha kisahani.

Kaka yake alikuwa fundi cherehani. Alishonea pale pale sebuleni, kwenye mashine ya kukanyaga kwa miguu, mbele ya dirisha, na alikuwa mtu wa mzaha ambaye angeweza kumchekesha mteja aliyekuja kugombana. Yeye ndiye aliyemlea mdogo wake baada ya wazazi kufariki. Alisimamisha mashine, akavua miwani, akamwita mkewe kutoka jikoni aje asikie. Shemeji akaja, mikono imejaa unga, akasikia, akapiga kigelegele. Mchana huo Dokta alimiminiwa chai kabla ya mwenye nyumba, na tangu hapo ikawa desturi.

Na ukoo wenyewe usijitie hamnazo katika habari hii. Ulitaka daktari, ukampata kwa bei rahisi. Mtoto akipata homa aliitwa yeye, naye akasema mtoto apewe maji mengi, ushauri ambao hata kasuku angeutoa. Watu wakatoka wakisema, "Unaona faida ya kusoma?" Hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza alisomea wapi. Walikuwa wamemvisha kilemba cha ukoka, naye alikivaa mpaka kikamkaa sawa kichwani.

Kisha Fundi akaota uvimbe mguuni, chini kidogo ya goti, mguu wa kulia. Hospitali walimkata kipande kidogo wakakipima, wakamwambia bila kuzungukazunguka: ni saratani, bado haijaenda mbali, njoo upesi tuutoe uvimbe wote, mguu wako utabaki nao. Fundi aliogopa kisu. Mguu ule ndio uliokanyaga mashine, na mashine ndiyo iliyolisha nyumba. Akarudi nyumbani, akakaa chini, akamtumia mdogo wake ujumbe aje.

Dokta alipofika alikuta sebule imejaa: majirani, wateja, shemeji na kikombe cha chai mkononi.

"Wananiambia nikatwe," Fundi alisema, akicheka. "Nikawaambia, mnajua mimi ni nani? Mdogo wangu ndiye anayeiua saratani kule chuoni. Niambie wewe, mdogo wangu. Kuna haja ya kisu?"

Hapo ndipo palipokuwa na nafasi. Nafasi pana, ya kupita lori. Alichotakiwa kusema ni, "Kaka, nenda hospitali kesho." Asingelazimika hata kueleza kazi yake ni ipi. Lakini macho ya watu yote yalikuwa juu ya koti, na chai ilikuwa ya moto, na yule bwana, badala ya kumwangalia kaka yake, aliwaangalia majirani.

"Tusiwe na haraka," alisema kwa sauti nzito. "Acha kwanza nione maabara tuna nini."

Nimwongezee maksi moja tu, asije mtu akasema namwonea. Hakumpelekea kaka yake ile lami ya kijani. Aliwahi kurukiwa na tone lake kwenye kifundo cha mkono, ngozi ikavimba, ikawiva, ikabanduka kama ganda la kitunguu, na alijua kabisa kwamba kitu kile hakiingii tumboni mwa mtu. Kwa hiyo alikwenda chumbani kwake, akachemsha majani ya mboga, akayachuja, akatia sukari, kisha chumvi kidogo ili ladha iwe ya bahari. Chumvi! Mtu anadanganya damu yake mwenyewe na bado anahangaika kuhusu ladha. Akaitia kwenye chupa ya maabara yenye mistari ya vipimo, akampelekea akisema ni dawa ya ute. Kijiko asubuhi, kijiko jioni.

Alijiambia ni ya siku chache tu, mpaka kaka apate moyo, kisha atamshawishi taratibu aende akakatwe. Naamini alijiambia hivyo. Waongo wengi huwa na mpango mzuri wa baadaye.

Tatizo likawa kwamba Fundi alipata nafuu. Si mguu, roho. Alilala vizuri, alikula, aliimba akishona, na kila mteja alionyeshwa chupa. "Hii huipati duniani kote," aliwaambia, "ukiwa huna mdogo wako huko." Barua ya kukumbushwa kutoka hospitali ilipofika, shemeji aliwashia jiko. Dokta alikuwepo, akaiona ikiungua, akakohoa, akaomba maji ya kunywa. Akaendelea kuchemsha mboga. Wiki zikawa miezi, na uvimbe, ambao haukuwa umeambiwa habari za koti, ukakua. Fundi akaanza kukanyaga mashine kwa mguu wa kushoto, akisema wa kulia anaupumzisha.

Asubuhi moja mguu ule ulikuwa umevimba hadi ukang'aa. Dokta aliutazama, na hapo hofu ilimshika kwelikweli. Si ya kuaibika tu, ya kufiwa. Alikuwa akimpenda kaka yake. Alimpenda sana, na mpaka siku hiyo upendo huo haukuwa umemgharimu kitu. Alikwenda kwa Mkemia, akasimama mlangoni akifuta mikono isiyokuwa na maji.

"Samahani, mama," alisema. "Ule ute mweusi. Ule ulioua seli. Hauwezi kumtibu mtu hata kidogo?"

Mkemia aliinua kichwa. "Ule? Ule unaua seli za saratani, na unaua seli nzima zisizo na ugonjwa, na uliua panya wote tuliowapa. Tumeshauweka kando. Ziko sumu za jamaa zake ambazo watu wamezichonga upya miaka mingi, wakazifunga kwenye kitu kinachozipeleka kwenye uvimbe tu, na hata hizo mgonjwa anatundikiwa kwa dripu hospitalini huku analindwa. Kwa nini unauliza?"

Akamweleza. Mkemia alivua miwani polepole.

"Umempa nini?"

"Maji ya mboga, mama."

"Ungempa ute angekuwa ameshakufa, kwa hiyo nakushukuru kwa mboga. Sasa mpeleke hospitali leo. Unanielewa? Leo."

"Mama, ungenisindikiza ukamwambia wewe. Wewe ni daktari hasa. Atakusikiliza."

"Mimi nilimwambia kwamba tumeiua saratani?" Mkemia alirudisha miwani. "Aliyemwambia lile ndiye atakayemwambia na hili."

Mtu mwingine angekwenda akasema. Yeye alipata wazo. Watu wa maabara, hata wanaoosha vyombo, huwa na ugonjwa huo: wanaamini kwamba ukimwonyesha mtu jaribio, ukweli utajieleza wenyewe na wewe hutalazimika kufungua mdomo. Alichota uduvi akawatia kwenye chupa ya jamu iliyojaa maji ya chumvi, akachukua kichupa cha ile lami nzito kuliko zote, akaenda kwa kaka yake. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Kaka ataona uduvi wanakufa, ataogopa dawa ya ute kwa jumla, ataikimbia mwenyewe, atakwenda hospitali, na Dokta atabaki Dokta.

Fundi alikuwa kwenye kiti, mguu juu ya kigoda. Shemeji alisimama nyuma yake. Dokta aliweka chupa ya jamu juu ya meza ya cherehani, akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha.

"Mnawaona hawa wanaocheza? Wazima, hawana ugonjwa wowote. Sasa tazameni." Akatia matone. Kwa kuwa alitia mengi kuliko walivyozoea maabara, hawakungoja kesho. Walikunywa chai wakitazama, na kabla ya birika kwisha uduvi walipunguza mwendo, wakaanza kuzunguka mahali pamoja, kisha wakashuka chini, wote.

"Umeona, kaka?" alisema Dokta. "Umeona hatari yake?"

Fundi alikuwa ameinama, pua inakaribia kugusa chupa. Alipoinua uso, ulikuwa umejaa furaha.

"Hiyo ndiyo nguvu!" alisema, akapiga meza. "Sasa ile ya siku zote ilikuwa nini, mdogo wangu? Ulikuwa unanizimulia? Mke wangu, umeona? Ndiyo maana mguu haujanywea! Lete hiyo."

Na mkono wake ukakifuata kichupa.

Dokta alikinyakua, akakificha nyuma ya mgongo. Sebule ikabadilika. Shemeji, ambaye hakuwahi kumtolea neno baya tangu aolewe, alimtazama kuanzia viatuni.

"Kumbe nzito ipo," alisema. "Unawawekea nani, shemeji? Wenye pesa? Sisi tunapewa iliyozimuliwa?"

"Shemeji, hii ni sumu."

"Sumu kwa saratani!" alisema Fundi. "Si ulituambia mwenyewe? Mdogo wangu, sijawahi kukuomba kitu tangu tumezikwa na baba na mama." Alikuwa anasema ovyo kwa maumivu, hata hakugundua alivyosema. "Nipe hiyo dawa. Kama utaniua, nimeshakusamehe."

Akanyanyuka kwenye kiti, kwa mguu mmoja, akamkamata koti. Shemeji naye akamshika mkono uliokuwa nyuma. Walikuwa watu wawili wenye nguvu ya kukata tamaa, na kizibo cha kichupa kilikuwa kimeanza kulegea.

"Mboga!" Dokta alipiga kelele. "Ile ilikuwa mboga! Majani ya mboga na sukari, nilichemsha kwangu! Na hii ukinywa unakufa leo hii, kaka, unakufa mbele yangu! Sina dawa. Sijawahi kuwa na dawa. Mimi naosha chupa!"

Hawakumwachia papo hapo. Shemeji ndiye aliyetangulia kulegeza.

"Sema tena," alisema.

"Naosha chupa, shemeji. Chuoni kazi yangu ni sinki."

"Na ile barua ya hospitali. Niliichoma mbele yako."

"Niliona."

"Uliniona naichoma, ukaomba maji ya kunywa."

Dokta alikuwa analia sasa, kamasi na yote, mkubwa mzima ndani ya koti jeupe, na mimi simwonei huruma, ingawa kaka yake nadhani alimwonea. Fundi alikuwa amerudi kitini. Aliutazama mguu wake, akauinua kwa mikono miwili kutoka kwenye kigoda, akauteremsha chini.

"Mke wangu," alisema, "nitafutie shati safi. Tunakwenda hospitali."

Akapita mbele ya mdogo wake akimwegemea mkewe, na kwenye kizingiti, alipoyumba, Dokta alinyoosha mkono kumsaidia. Shemeji aliusukuma mkono ule kama anavyosukuma tawi njiani.

Hospitali hawakugombeza mtu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Daktari, daktari wa kweli, msichana mdogo tu asiyekuwa hata na kalamu mfukoni, alisoma faili akauliza kwa upole walikuwa wapi. Kisha akawaeleza: mwanzoni ungetolewa uvimbe peke yake, mguu ukabaki. Sasa umekula mfupa. Maisha bado yanaweza kuokolewa, mguu hauwezi. Watakata juu ya goti.

Dokta aliyasikia hayo akiwa koridoni, mlango ukiwa wazi nusu, kwa kuwa shemeji alikataa aingie. Alikaa kwenye benchi. Siku ya upasuaji alikaa hapo hapo tangu asubuhi. Ndugu walipopita walimruka kwa macho. Wale wale waliomletea watoto wenye homa sasa walisemezana kwa sauti ya kusikika kwamba wao walijua tangu zamani, kwamba daktari gani yule asiyejua hata kuandika dawa. Uongo mtupu, hawakujua lolote, na yeye, ambaye kwa mara ya kwanza alikuwa na haki ya kubisha, alinyamaza. Koti hakuwa nalo. Alikuwa amevaa shati la kawaida lenye kola iliyochakaa, na nesi alimpita mara kadhaa akimwita mzee, akimwomba asogeze miguu apitishe toroli.

Kazini walimpa ruhusa. Alirudi sinkini alipoitwa, akaosha, akarudi benchini. Kila siku alimuuliza shemeji, "Ameamkaje?" na kila siku shemeji alipita.

Hatimaye siku moja, saa ya kutazama wagonjwa inakaribia kwisha, shemeji alitoka wodini na bakuli tupu. Alisimama mbele yake bila kumtazama.

"Anakuita," alisema, akaenda zake bombani.

Aliingia. Wodi ilikuwa ndefu, vitanda pande mbili, watu wamejaa kila kitanda na mazungumzo yao. Cha kaka yake kilikuwa cha mwisho, karibu na ukuta. Fundi alikuwa amekonda, amekalishwa kwa mito, shuka jeupe limemfunika hadi kiunoni. Chini ya shuka mguu mmoja ulionekana umbo lake lote hadi kwenye vidole. Upande wa pili shuka lilishuka ghafla, likalala bapa juu ya godoro.

Dokta alitafuta kiti, hakukuwa na kiti. Vyote vilikuwa vimechukuliwa na wageni wa vitanda vingine. Akasimama, mikono hajui aiweke wapi.

Fundi alimwangalia. Kisha akaupigapiga mkono wake juu ya godoro, pale shuka lilipokuwa bapa.

"Kaa hapa," alisema. "Siku hizi pana nafasi."

Akakaa.